Tone la Wino Kwenye Noti

Kwa miaka mitatu fundi maji mmoja alilala ndani ya kontena la chuma, katika nchi ya watu iliyokuwa vitani, na hakushika bunduki hata siku moja. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu mtaani kwake yalisemwa mengine. Wapo walionong'ona kwamba amekwenda kuua kwa mshahara. Wapo waliosema baadaye, pesa zake zilipokataliwa dirishani, kwamba hata pesa zenyewe ni bandia. Walionong'ona hawakuwepo. Waliokuwepo walisimulia vingine, na hayo ndiyo yaliyoandikwa hapa.

Alijulikana kwa jina la Matone, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata ujanani, idara ya maji, kwa sababu hakuweza kupita karibu na koki inayovuja akaendelea na safari yake. Hata msibani angeinuka taratibu, amwendee mwenye nyumba na kumwuliza kwa sauti ya chini kama kuna spana. "Tone moja kila sekunde," alikuwa akisema, "kwa wiki ni ndoo moja na nusu. Hesabu mwenyewe." Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kuhesabu akamkuta amekosea.

Idara ilipokaa miezi saba bila kumlipa mtu hata senti, Matone alikuja nyumbani na karatasi ya kampuni binafsi iliyokuwa na kandarasi ya kuhudumia kambi za walinzi, wahandisi na wafanyakazi wa misaada huko kwenye mapigano. Kampuni ilihitaji wapishi, madereva, mafundi umeme na fundi mmoja wa mtambo wa maji. Mshahara ulikuwa wa dola. Aliiweka karatasi juu ya madaftari ambayo mkewe alikuwa akisahihisha. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Matone hakuwahi kumwita jina jingine zaidi ya Mwalimu, hata chumbani.

Mwalimu alisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi.

"Hii kazi iko vitani?"

"Karibu na vita."

"Karibu kiasi gani?"

"Hapo hawakuandika."

"Nimeona hawakuandika. Ndiyo maana nauliza." Akaiweka karatasi chini. "Mikataba miwili. Miezi kumi na minane mara mbili, basi. Ukisaini wa tatu, tafuta na mke wa tatu."

"Na wa pili yuko wapi?"

"Huyo utamwokota njiani."

Walicheka wote wawili, lakini Matone alijua kwamba hapo amekula kiapo.

Nyumba waliyoishi haikuwa yao. Ilikuwa ya kikongwe mmoja aliyekaa chumba cha nyuma, ambaye watoto wote walimwita Bibi. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati lililoanza kutu, na kibaraza kirefu ambacho ukuta wake mmoja Mwalimu aliupaka rangi nyeusi ya ubao. Kila alasiri watoto wa majirani walikaa pale chini wakisoma silabi, bila malipo. Binti zao wawili walijifunza kuandika ukutani pale kabla hawajavaa sare ya shule. Mwalimu alikuwa amewahi kumwambia mumewe kwamba akipata kitu kimoja tu maishani angetaka kiwe ule ukuta, na Matone akamjibu kwamba ukuta hauuzwi peke yake.

*

Kambini maisha yalikuwa mafupi na yenye mpangilio. Kontena mbili mbili, mifuko ya mchanga pande zote, king'ora juu ya nguzo. Matone aliamka kabla ya wengine, akapima klorini, akaandika namba za matangi upya kwa kalamu nene ya wino usiofutika, kwa maana jua la kule lilikuwa linakula kila kitu. Kalamu hiyo ilikaa mfuko wa shati siku zote, kama ya daktari.

Wafanyakazi walitoka nchi tano au sita, na wale waliosikilizana Kiswahili walikuwa kumi na wawili. Walikula meza moja, wakataniana, na wakaanzisha upatu. Kila mwezi kila mtu alitoa noti mbili za dola mia, na mmoja akazoa zote. Upatu huo ulikwenda vizuri mpaka mwezi wa nne, zamu ya Mpishi. Mpishi alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kujaza jiko, na siku hiyo alikwenda duka la langoni kununua simu akarudi kimya kabisa. Noti tatu kati ya zake zilikuwa bandia. Kuna aliyezipokea mjini bila kujua, akazichangia bila kujua.

Meza nzima ilitazamana. Ni jambo baya kuona watu kumi na wawili wanaokula pamoja wakianza kupimana kwa macho.

Matone ndiye aliyesema kwanza. "Leteni zote hapa. Maji napima kila siku, karatasi itanishinda?"

Toka siku hiyo ikawa kila noti ya upatu inapita mikononi mwake kwanza. Aliipapasa, akaiinua kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha kwenye kola ya mzee aliyechorwa kwenye noti, mahali ambapo noti halali huwa na mparuzo. Akiridhika, alichomoa ile kalamu nene na kuchora tone dogo la maji pembeni. Tatu bandia za Mpishi walizichoma, na hasara wakaigawana wote kumi na wawili.

Katika nchi ile kuchora noti hakukuwa na ubaya wowote. Fedha yao wenyewe ilikuwa imekufa, na sokoni dola ilipokelewa hata ikiwa imebandikwa gundi. Baada ya miezi michache mwenye duka la langoni alikuwa haangalii tena noti yenye tone. Aliitupa kwenye droo na kurudisha chenji. "Ya Matone hii," alisema, na mambo yakaishia hapo. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyefikiria jinsi noti hiyo itakavyotazamwa siku itakapotoka nje ya kambi. Mtu akikaa mahali pamoja kwa muda mrefu husahau kwamba sheria za hapo ni za hapo tu.

Mwaka wa pili barabara ilifungwa. Mapigano yalisogea, malori ya maji hayakufika, na pampu ya kisima ikapigwa. Yakabaki matangi mawili kwa watu mia moja na arobaini. Mkuu wa walinzi wa kukodiwa, mtu wa vifua na amri, alikuja na agizo: wenye silaha wapate kwanza, tena mara mbili.

Matone alikuwa juu ya ngazi ya tangi, kikombe cha bati kimefungwa kamba mkononi.

"Mkuu," alisema, "figo za mlinzi na figo za mpishi zinakauka sawasawa. Kikombe ni hiki kimoja. Kila mtu vinne kwa siku."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na wewe kikombe chako ni hiki hiki."

Walisema baadaye kwamba mkuu alisimama kwenye foleni kama wengine. Siku zilikuwa tisa. Siku ya nane Dereva, kijana mwembamba aliyeendesha lori la vyakula, alishikwa na homa kali, midomo ikapasuka. Matone alimpa vikombe vyake viwili na hakumwambia mtu. Mpishi alimwona.

"Na wewe utakunywa nini?"

"Nimeshakunywa."

"Muongo mkubwa wewe," Mpishi alisema, akammiminia nusu ya chake.

Siku ya kumi barabara ilifunguliwa. Hakufa mtu kwa kiu. Matone hakuisimulia nyumbani habari hii hata siku moja. Mwalimu aliipata kwa kinywa cha mwingine, na itafika mahali pake.

*

Mkataba wa pili ulipokwisha Matone alirudi, kama alivyoahidi. Mshahara wa kawaida ulikuwa umepita benki kila mwezi na kuliwa na ada, chakula na dawa. Lakini zamu zake tatu za upatu, pamoja na kidogo alichoongeza, alikuja nazo mwenyewe ndani ya kopo tupu la klorini: noti themanini na nane za dola mia, kila moja na tone lake. Aliliweka kopo juu ya kabati. Mwalimu alilitazama.

"Zibadilishe kesho, ziwekwe benki."

"Kesho," alisema Matone.

Kesho yake akaja shemeji.

Shemeji huyu, mdogo wake Mwalimu, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na mwaka huo alikuwa amegundua dola. Fedha ya nyumbani ilikuwa inaporomoka kila wiki, na yeye alishinda mbele ya duka la kubadilisha fedha akitazama namba nyekundu za ubaoni kama mtu anayetazama mpira. Mtaa ulimwita Profesa. Moyo wake ulikuwa mzuri, na bado ni mzuri, na aliyoyafanya mwisho yanafuta aliyoyasema mwanzo.

"Shem, usithubutu!" alimwambia Matone, bado hajaketi. "Mwezi wa kwanza dola mia ilinunua mifuko kumi ya saruji. Leo kumi na mitatu. Wewe hujafanya kitu, umelala tu, na pesa zako zimezaa mifuko mitatu kila noti!"

"Na zikishuka?"

"Zishuke ziende wapi? Shem, shikilia."

Matone alikuwa mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kuzuia kitu kisipotee. Kwa mara ya kwanza alionyeshwa kitu kinachoongezeka chenyewe, na kikamlevya. Alianza kupita mbele ya ule ubao asubuhi, kisha asubuhi na jioni. Alinunua daftari akaandika namba. Mezani aliongea bei. Mwalimu alivumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Wa tatu alimwuliza mbele ya watoto:

"Baba, wewe umeoa mwalimu au umeoa ubao?"

"Nimeoa mwalimu mwenye ubao," alijibu Matone, na mabinti wakaangua kicheko. Kopo likabaki juu ya kabati.

Mwezi wa nne Bibi aliwaita chumba cha nyuma. Mwanawe alikuwa anamchukua akakae naye mbali, naye ameamua kuiuza nyumba. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa alikuwa tayari kuinunua, aibomoe na kujenga ghala. Bibi alitaja bei yake.

"Lakini nyinyi ndio wa kwanza," alisema. "Nawapa siku thelathini. Sitaki kuuona ule ukuta wenye silabi ukivunjwa, ila mwanangu naye ana shida zake. Siku ya thelathini na moja sitaweza kumzuia."

Usiku haukuhitajika kufanya hesabu. Kwa bei ya dola ya siku hiyo, zile noti themanini na nane zilitosha kabisa, na ziada ya nauli ya kwenda kwa mwanasheria. Mwalimu alilia pale pale, akijifuta kwa kanga ya Bibi.

Lakini bati lilikuwa na kutu. Na Profesa alikuwa amepiga mahesabu yake.

"Wiki mbili tu, shem. Siku kumi na nne. Ukishikilia, utalipa nyumba na utaezeka bati jipya. Siku thelathini hizo, haraka ya nini?"

Na Matone, mtu aliyepima maji kwa kikombe mpaka tone la mwisho, akashikilia.

Siku ya kumi na tisa benki kuu ilimwaga dola sokoni. Ubao ulianza kushuka asubuhi, na jioni mifuko miwili ya saruji ilikuwa imetoweka kwenye kila noti. Siku ya ishirini ukashuka tena. Siku ya ishirini na moja Matone alivaa shati jeupe, akachukua kopo na kwenda dukani. Profesa alimfuata nyuma.

Dada wa dirishani alikuwa binti mpole mwenye miwani. Alitoa noti ya kwanza, akaitazama, akaigeuza. Akatoa ya pili. Ya tatu. Akazieneza mbele yake.

"Mzee, mbona zote zina alama moja?"

"Hiyo alama yangu. Maana yake ni nzima."

"Nani aliyesema ni nzima?"

"Mimi."

Binti hakucheka, na Matone alimshukuru kwa hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Alimweleza taratibu kwamba kwa macho yake noti ni halali, lakini noti iliyochorwa benki hazimpokelei, basi na yeye hawezi kuichukua. Kuna benki moja huzipeleka ng'ambo kukaguliwa, nayo hulipa baada ya miezi mitatu. Matone alikuwa na siku tisa.

Mlinzi wa mlangoni hakuwa na subira ya binti. Aliona noti nyingi zenye alama moja, akafikiri genge, akapiga simu. Basi Matone, ambaye hajawahi hata kupita njia ya mkato kwenye kiwanja cha mtu, alitembezwa katikati ya polisi wawili mbele ya wauza viatu na wanafunzi wa mkewe. Alikaa kwenye benchi la kituo toka saa tano mpaka saa kumi.

Mwalimu alifika na chaki bado vidoleni. Mtaalamu wa benki alikuwa ameshaitwa, amekagua moja moja na kuondoka. Inspekta alisukuma kopo mezani.

"Mama, ziko sawa. Mchukue mzee mwende."

"Ameletwa hapa mchana mbele ya watu," alisema Mwalimu. "Hataondoka kimya kimya. Naomba iandikwe."

"Iandikwe nini?"

"Ulichosema sasa hivi."

Inspekta aliandika, akapiga mhuri. Mwalimu alisoma, akairudisha. "Umeandika 'noti kadhaa'. Ni themanini na nane." Inspekta akaandika upya. Barua hiyo ipo mpaka leo, na kila aliyetilia shaka jina la nyumba hiyo alisomewa kibarazani, mhuri ukionekana.

*

Barua ilisafisha jina, lakini haikununua nyumba.

Asubuhi iliyofuata Matone aliketi uani na beseni. Alikuwa amefanya kazi na klorini miaka ishirini, na kama kuna mtu duniani angeweza kuuondoa wino ule ni yeye. Alipima kwa kijiko, akachanganya, akatumbukiza noti moja tu. Tone lilififia kweli. Na yule mzee wa kwenye noti naye akafifia pamoja nalo, akatoka amepauka kama aliyeruhusiwa hospitali mapema.

Mwalimu alisimama nyuma yake. "Umemwosha mzee wa watu mpaka damu imemwisha."

Matone alijifuta mikono. Aliianika noti kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, akaingia chumbani, akauvuta mkoba wake wa safari kutoka mvunguni.

Mwalimu aliuona mkoba, akaketi kitandani.

"Uliniahidi."

"Kule zinapokelewa, Mwalimu. Nikirudi nazo nitabadilishana na wenzangu siku ile ile, nitume safi. Nitasaini wa tatu tu. Nyumba haitavunjwa."

"Kambi yenu imepigwa mara ngapi mwaka huu?"

Matone alifungua zipu ya mkoba.

"Basi nyumba ivunjwe," alisema Mwalimu. "Nitapaka ubao ukuta mwingine."

Ni maneno ambayo mke huyasema akiyataka yawe kweli. Matone alimfahamu. Alitoka kibarazani, akaketi chini ya silabi za watoto, akampigia Mpishi kuuliza kama nafasi ya fundi maji bado iko wazi.

"Iko wazi," sauti ya Mpishi ilijaza simu. "Huyu waliyemleta anatia klorini kama anaosha choo. Lakini wewe si ulimwapia mkeo? Umefukuzwa?"

Matone alimweleza yote: tone, dirisha, benchi, siku nane zilizobaki. Upande wa pili zikasikika sufuria, kisha Mpishi akasema:

"Usisaini kitu. Nipigie kesho."

Kesho Mpishi ndiye aliyepiga.

"Siku ya mshahara ni keshokutwa. Tumekaa mezani, wote kumi na mmoja, na karani wa mishahara tumemwita. Kila mtu ameandika barua: dola mia nane za mwezi huu ziende kwenye akaunti yako moja kwa moja. Mara kumi na moja ni ngapi, wewe mtu wa hesabu?"

Matone alijua ni ngapi. Elfu nane na mia nane, sawasawa na kopo lake.

"Hizo zako za tone kaa nazo. Dereva anakuja likizo mwezi ujao, atapitia kuzichukua. Huku kwetu noti yako haikataliwi."

"Hamjaziona," Matone alisema. "Nikizila je?"

"Matone, mimi nilikuona siku ya nane. Acha maneno ya kijinga, nina maharage jikoni."

Simu ikakatika. Mwalimu, aliyekuwa mlangoni, aliuliza siku ya nane ilikuwa nini. Matone akasema ni mambo ya kazini.

Pesa ziliingia siku ya ishirini na nane, safi, za benki. Lakini ubao ulikuwa umeendelea kushuka, na dola zile zile ambazo mwezi mmoja nyuma zingetosha na kubaki sasa zilipungua. Pengo halikuwa kubwa sana. Lilikuwa mishahara minne ya mwalimu, nayo haiokotwi kwa siku mbili.

Jioni hiyo Profesa aliingia bila hodi. Aliweka bahasha mezani, akabaki amesimama.

"Ni za nani hizi?" dada yake aliuliza.

"Zangu. Dola zangu zote nimeuza leo."

"Kwa bei ya leo?"

"Kwa bei ya leo. Nilinunua juu kabisa, nimeuza chini kabisa." Akamgeukia Matone. "Shem, usinitazame hivyo. Nakuomba unikaribishe chai tu, na mtu yeyote asinitajie saruji."

Mwalimu alimkumbatia mdogo wake mpaka yule akalalamika shingo. Siku ya ishirini na tisa Bibi alitia dole gumba kwenye karatasi mbele ya mwanasheria, akaomba apelekwe kibarazani, akaugusa ukuta mweusi kwa kiganja. Aliondoka na vumbi la chaki mkononi na hakutaka kulipangusa.

Matone aliishi katika nyumba hiyo miaka kumi na sita. Alirudi idara ya maji ilipoanza kulipa tena, aliezeka bati taratibu, vipande vitatu vitatu, na hakusimama tena mbele ya ubao wa dola hata kwa kufunga kamba ya kiatu. Alifia kitandani kwake, mabinti wakimshika mikono, na koki zote za nyumba zikiwa hazivuji. Kwa mtu aliyelala miaka mitatu chini ya king'ora, hiyo ni neema, na familia yake haijaacha kuishukuru.

Lakini kabla ya hayo yote kuna siku aliyokuja Dereva.

Alifika saa nne asubuhi, amenenepa kidogo, na zawadi za mabinti. Mwalimu alimketisha kibarazani, akamletea chai na mkate. Matone aliingia ndani kufuata kopo, na ndipo Dereva alipomwambia Mwalimu, kwa maneno machache, habari za siku tisa, kikombe cha bati chenye kamba, na vikombe viwili alivyonywa akiwa na homa. Matone alipotoka alimkuta mkewe anamtazama kama mtu aliyekutana naye leo.

"Mambo ya kazini, eh?" alisema Mwalimu.

Matone alifungua kopo. Alimwaga noti mezani, Dereva akahesabu kwa sauti, akilowesha kidole. Alifika themanini na saba, akasimama. Ya mwisho ilikuwa ile iliyopauka.

"Hiyo niliiosha," alisema Matone, uso umemshuka. "Imeharibika. Usiichukue, nitawalipa kidogo kidogo."

Dereva aliinua noti kwenye mwanga, kama alivyomwona Matone akifanya mara mia. Aliipapasa. Aliikwaruza kola ya yule mzee kwa ukucha.

"Mzee huyu ni mgonjwa tu," alisema, "lakini ni yeye." Akailaza mezani. "Tatizo lake ni moja. Haina tone. Bila tone Mpishi ataikataa."

Mwalimu ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwenye shati lililotundikwa chumbani, akachomoa kalamu nene mfukoni, akaja kuiweka mbele ya mumewe. Matone aliifungua.  Alichora tone pembeni, pale pale lilipokuwa, akalipulizia likauke.

"Themanini na nane," alisema Dereva, akafunga kopo.